Kona ya Mchungaji: Bwawa, kisamvu na ng'ombe wanaohama

Kabla ya maswali, tangazo dogo. Jina la ukurasa huu linaendelea kuniletea barua zisizonihusu. Mwezi uliopita dada mmoja wa Mbeya aliniomba nimwombee apate mume, na kaka mwingine akauliza ibada zetu huanza saa ngapi. Mimi si mchungaji wa kanisa. Nilikuwa afisa mifugo kwa miaka 31, mingi kati ya hiyo kwenye mbuga za Simanjiro, mkoani Manyara, na wachungaji ninaowazungumzia hapa ni wale wenye fimbo na ng'ombe. Dada wa Mbeya, nakutakia heri hata hivyo.

Toleo lililopita niliandika mstari mmoja tu, katikati ya habari za chanjo, kwamba mfugaji anayehama huitunza ardhi kuliko yule aliyelazimishwa kukaa. Mstari huo umeniletea barua nyingi kuliko yote niliyowahi kuandika kuhusu minyoo. Wengine wananipongeza, wengine wanauliza Wamasai wamenilipa ng'ombe wangapi. Nimechagua chache.

Shikamoo mzee. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano, tahasusi ya HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), hapa Dodoma. Daftari langu la jiografia linasema ufugaji wa kuhamahama huleta mmomonyoko wa udongo na jangwa. Wewe umeandika kinyume. Kwenye mtihani niandike lipi?

Marahaba mjukuu wangu. Daftari hilo nami nimewahi kuwa nalo. Nilisoma chuo cha mifugo Tengeru mwanzoni mwa miaka ya 1980, na somo la malisho kwetu lilikuwa hesabu: hekta kadhaa zinabeba ng'ombe kadhaa, wakizidi ardhi inaharibika. Hesabu ile haikuwa na mahali pa kuandika kwamba kesho ng'ombe hao hawatakuwepo hapo.

Nikapelekwa Simanjiro kichwa kikiwa kimejaa hesabu. Wakati huo Umasaini kulikuwa na alama za mambo mawili makubwa. La kwanza ni Operesheni Imparnati ya 1974 na 1975, pale vijiji vya ujamaa vilipopelekwa kwa wafugaji. Imparnati kwa Kimasai ni makazi ya kudumu. La pili ni mradi wa nyanda za malisho uliofadhiliwa na Marekani katika miaka ya 1970, uliochimba mabwawa na kujenga majosho ili wafugaji watulie kwenye ranchi zao. Mradi ulikuwa umeshaondoka nilipofika. Mabwawa yalibaki, na wazo lake likabaki kwetu maafisa: maji yapo, josho lipo, sasa mnahama mnakwenda wapi?

Nilikuwa na bwawa moja nililolipenda kama mwanangu. Nilizunguka boma kwa boma kwa pikipiki nikiwashawishi wazee wasiliache hata masika. Baadhi walinikubalia, nadhani kwa heshima zaidi kuliko kwa kuniamini. Kiangazi cha tatu, ukisimama juu ya tuta la bwawa, huoni jani la nyasi mpaka utembee karibu saa nzima. Vijana walikuwa wamekata migunga yote ya karibu kuzungushia maboma. Ndama walikuwa wanakufa kwa minyoo na kuhara, kupe hawahesabiki. Mvua za vuli zilipokuja zilikuja kwa fujo, na kwa kuwa hakukuwa na kitu cha kuushika udongo, udongo wote ukaingia bwawani. Mwaka uliofuata lile bwawa lilikuwa kidimbwi cha tope.

Nikaandika ripoti. Niliandika kwamba chanzo cha uharibifu ni wingi wa mifugo na ufugaji wa kuhamahama. Ndiyo, niliandika hivyo kwa mkono wangu, juu ya ng'ombe ambao mimi mwenyewe nilikuwa nimewazuia wasihame. Ripoti za namna ile ndizo zilizoandika daftari lako.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja ambaye ng'ombe wake hawakuwahi kunywa kwenye lile bwawa wakati wa mvua. Alinitembeza kutoka kwake asubuhi, tukafika mahali nyasi upande wa kushoto zinanifika magotini na upande wa kulia zimeliwa hadi chini. Hapakuwa na uzio. Mpaka ulikuwa kichuguu kimoja na mgunga uliokatika tawi. Upande wa kushoto ulikuwa alalili, malisho yaliyofungwa kwa ajili ya ndama, wagonjwa na ng'ombe wachache wa maziwa wanaobaki nyumbani kiangazi. Nikamuuliza, akiingiza mtu ng'ombe humo? Akasema atatozwa ng'ombe, na tena atakuwa ameingia kwenye midomo ya watu, jambo ambalo kwake lilikuwa baya zaidi.

Halafu akanieleza mwaka wake. Masika ng'ombe wote wenye nguvu huenda mbali, kwenye mbuga za nyasi fupi ambako maji ni ya madimbwi tu. Madimbwi hayo hukauka, na yakikauka ng'ombe hawana la kufanya ila kuondoka. Hiyo ndiyo kufuli ya mbuga. Wakati huo nyasi za karibu na maji ya kudumu zinakua, zinachanua, zinaangusha mbegu bila kuguswa. Kiangazi ng'ombe wanarudi huko. Kabla ya kuhama hutumwa watu wazima wawili watatu, huitwa eleenore, wakaone nyasi, maji na magonjwa, na wakaongee na wenyeji wa huko. Wakirudi na habari njema, vijana hutangulia na kujenga ronjo, boma la muda la matawi ya miba. Sasa niambie, mjukuu wangu, hapo "kuhamahama" kule kwa ovyo tunakokudhani kuko wapi?

Kuhusu udongo, muulize mama yako habari za kisamvu. Ukichuma majani ukauacha muhogo upumzike, unachipua tena. Ukichuma kila siku kila kinapochomoza, mwaka ukiisha unachimba mizizi kama kidole. Nyasi za kudumu ndivyo zilivyo, akiba yao iko mizizini. Zikiliwa mara moja zikapumzika hurudi na nguvu. Zikiliwa kila zinapochungulia hufa, na nafasi yao huchukuliwa na magugu na vichaka vya miba. Na kuna upande wa pili ambao vitabu vyetu haviusemi sana: nyasi zisizoliwa kabisa huzeeka zikiwa zimesimama, mabua makavu yanayafunika machipukizi, mpaka moto uje uyaondoe. Ng'ombe anayepita na kwenda zake anakwepa yote mawili.

Mtihanini, basi, andika mmomonyoko na jangwa kama daftari linavyotaka, ila anza hivi: "Mifugo mingi inapokaa mahali pamoja kwa muda mrefu..." Utakuwa umesema kweli, na alama zako utapewa. Na ukipata nafasi, mdokeze mwalimu kwamba Umoja wa Mataifa umeutenga mwaka 2026 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Nyanda za Malisho na Wafugaji, kwa pendekezo la Mongolia, nchi ambayo sehemu ya watu wake wanahama na mahema na farasi hadi leo.

Mzee, tulikwenda Tarangire na wenzangu wa ofisini. Nje ya hifadhi tuliona pundamilia na ng'ombe wanakula pamoja, na kijana wa Kimasai amekaa chini ya mti anabonyeza simu, hana habari. Mwongozaji wetu akasema ng'ombe wanawanyima wanyama chakula. Ni kweli? Msomaji wa Kinondoni.

Ni kweli nusu, binti yangu, na nusu hiyo inategemea mwezi mliokwenda.

Kule Laikipia, Kenya, kuna jaribio lililoanza mwaka 1995. Wamezungushia uzio viwanja vya savana: kimoja wanaingia ng'ombe tu, kingine wanyamapori tu, kingine wote, kingine hakuingii mnyama mkubwa hata mmoja. Mwaka 2011 mtafiti Mkenya, Wilfred Odadi, pamoja na wenzake walichapisha walichokiona kwenye uzito wa ng'ombe. Kiangazi, ng'ombe waliochanganyika na wanyamapori hawakuongezeka uzito kama waliokuwa peke yao. Hapo mwongozaji wenu yuko sahihi, wanagombania. Lakini wakati wa mvua ng'ombe waliochanganyika ndio waliongezeka zaidi. Pundamilia ana tumbo la kustahimili mabua makavu. Akiyaondoa, ng'ombe anayafikia majani mabichi ya chini. Kwa hiyo kiangazi ni washindani, masika ni majirani wanaoazimana chumvi.

Sasa jambo ambalo watalii wengi hawaambiwi. Tarangire ni hifadhi ya taifa tangu 1970, na tunaipigia picha kwa sababu ya mto: kiangazi wanyama wanajaa pale. Mvua zikianza, nyumbu na pundamilia wengi wanatoka. Wanakwenda wapi? Wanakwenda kwenye mbuga za Simanjiro, ardhi za vijiji, kuzaa. Nyasi za kule zina fosforasi na kalsiamu nyingi kuliko za hifadhini, na nyumbu anayenyonyesha anazihitaji. Kwa maneno mengine, hifadhi ina sebule na jiko, lakini chumba cha uzazi kiko kwa wafugaji. Na kimebaki hapo kwa sababu mfugaji hakukilima. Upande wa Lolkisale, yalikoingia mashamba makubwa ya maharage, nenda ukatafute nyumbu.

Wanakijiji wa Terrat waliliona hilo mapema. Katikati ya miaka ya 2000 walikubaliana na kampuni kadhaa za utalii: kijiji kisilime sehemu ile ya mbuga, kisijenge makazi ya kudumu pale, ng'ombe waendelee kuchungwa, na kampuni zilipe kijiji kila mwaka. Ni mfugaji wa huko huko Simanjiro, Edward Loure, ambaye familia yake iliondolewa Tarangire ilipofanywa hifadhi, aliyepewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2016 kwa kazi ya kuzipatia jamii hati za kimila za pamoja, zaidi ya ekari 200,000. Hati hizo ni za jamii nzima. Mtu mmoja hawezi kuamka asubuhi akauza kipande.

Nyumbu wanapozaa, mfugaji anawapisha. Si kwa ukarimu tu. Ndama wa nyumbu wana virusi ambavyo wao haviwaumizi lakini ng'ombe wakivipata wanakufa: homa kali, macho yanatiwa ukungu, pua inatiririka, na dawa hakuna. Kwa hiyo mwezi wa kwanza hadi wa tatu mwenye ng'ombe huacha nyasi nzuri kuliko zote ziliwe na nyumbu, anahamia kwenye nyasi duni. Nimewaona wazee wakitazama zile mbuga za kijani kama mtoto anavyotazama duka la pipi lililofungwa.

Na mfano wa Serengeti usisahauliwe. Sotoka, tauni ya ng'ombe, ilipoingia Afrika Mashariki miaka ya 1890 iliwaua ng'ombe na nyati na nyumbu bila kubagua. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikuwa kama robo milioni. Nani alichanjwa? Ng'ombe. Chanjo ya ng'ombe wa pembezoni iliwaondolea nyumbu ugonjwa, na kufikia mwisho wa miaka ya 1970 walikuwa zaidi ya milioni moja. Wakala nyasi nyingi, moto ukapungua, miti ikarudi. Mwaka 2011 sotoka ilitangazwa kuwa imetokomezwa duniani kote. Sisi wa mabomba ya sindano hatukujengewa sanamu popote, lakini kila mnapopiga picha ya nyumbu wakivuka mto, kumbukeni kuna mtu aliyepigwa teke na ng'ombe.

Kuhusu yule kijana na simu: huenda alikuwa anaulizia mvua imenyesha wapi. Siku hizi eleenore wengi wanatumwa kwa vocha ya mia tano.

Wewe mzee unatetea watu usiowajua madhara yao. Mimi ni mkulima wa Kilosa. Mwaka juzi ng'ombe waliingia usiku kwenye mpunga wangu ekari mbili, asubuhi nikakuta matope. Wenye ng'ombe wanasema wamekula nyasi za Mungu. Hapo asili imenufaika nini?

Ndugu yangu mkulima, hapo asili haikunufaika na kitu, na wewe umedhulumiwa. Mpunga si nyasi za Mungu, una mwenyewe. Anayeingiza ng'ombe shambani usiku huyo hahami, anaiba, na sitamtafutia jina jingine. Dai fidia kwenye baraza la kijiji na umwite afisa kilimo afanye tathmini kabla hujalima tena, maana ukishavuruga ushahidi utabaki na hasira tu.

Lakini nisikilize kidogo. Wengi wa wafugaji waliofika mabonde yenu, na wale waliokwenda mpaka Rufiji na Kilwa, hawakuja kwa kufuata mzunguko wao wa zamani. Wapo walioondolewa bonde la Usangu, kule Mbeya, mwaka 2006 na 2007 na mifugo yao yote. Mfugaji aliyetolewa kwenye njia yake hajui nyasi za kwenu, hana alalili kwenu, hana mzee mwenzake wa kumtumia eleenore. Anaishi leo kwa leo. Na zile njia za mifugo ambazo zamani zilijulikana zimelimwa, zimejengwa, zimewekewa vibao vya viwanja. Ng'ombe mia wakipitishwa kwenye kichochoro cha upana wa gari moja, kando kuna mpunga mbichi, hata malaika akiwachunga watauma.

Kinachofanya kazi nimekiona Kiteto. Vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa vilikaa chini, vikapima malisho yao ya pamoja, vikayapa jina OLENGAPASA lililoungwa kutokana na majina ya vijiji, vikayapatia hati na sheria ndogo. Kumejaa ugomvi, msidhani ni peponi, na wapo wanaolima humo kinyemela. Ila mgogoro ukitokea kuna karatasi na ramani ya kuwekwa mezani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inawapa ninyi uwezo huo huo kupitia mpango wa matumizi ya ardhi. Tengeni njia, iwe pana, iwekewe alama kabla ya msimu.

Na baada ya mavuno usiwafukuze. Wakaribishe kwenye mabua kwa siku ulizotaja wewe, walale shambani mwako, kisha waondoke. Samadi ya ng'ombe mia waliolala wiki moja huinunui dukani kwa bei unayoiweza.

Habari ya mzee. Niko Narok, nimenunua ekari tatu. Katikati kuna duara la nyasi fupi za kijani, halina mti hata mmoja, na hata kiangazi linabaki kijani. Majirani wanasema palikuwa manyatta zamani sana. Nipande mahindi hapo ama kuna laana?

Hakuna laana. Hapo kuna mavi.

Swali hili nimelipenda kuliko yote. Fikiria boma la ng'ombe mia na mbuzi mia mbili. Mchana wanatawanyika kilomita kadhaa kila upande, wanakusanya rutuba ya mbuga nzima matumboni mwao, jioni wanaileta mahali pamoja na kuimwaga. Miaka kadhaa mfululizo. Halafu watu wanahama, boma linachomwa au linaozea hapo, na linabaki blanketi la samadi. Mwanzo huota magugu tu, maana rutuba imezidi. Baadaye huja ukoka na nyasi nyingine tamu. Swala na pundamilia huzipenda, na kwa sababu ni fupi mnyama anamwona simba kutoka mbali, kwa hiyo wanapenda pia kulala hapo. Nao wakilala wanaongeza mavi yao. Ndiyo maana duara halifi.

Halifi kwa muda gani? Mwaka 2018 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanyika huko huko kwenu Narok, ukiongozwa na Fiona Marshall. Walichimba kwenye makazi ya wafugaji wa kale, yenye umri kati ya miaka 1,500 hivi na 3,700. Wakakuta fosforasi, kalsiamu na magnesiamu bado ni nyingi kuliko kwenye udongo wa pembeni. Wale watu hatuyajui hata majina yao, lakini swala bado wanakula kwenye zizi lao. Mimi niliyelia kwa ajili ya bwawa lililodumu miaka minne nilisoma habari hiyo mara tatu.

Hii ndiyo tofauti ambayo watu wa mijini hawaioni. Boma moja lisilohama ni jalala. Boma linalohama kila baada ya miaka kadhaa linaacha nyuma yake duara, na duara, na duara jingine, na mbuga inakuwa na madoadoa ya rutuba ambayo isingekuwa nayo. Kusini mwa Turkana imeonekana hata miti inapata faida: mbuzi hula maganda ya mgunga, mbegu zinapita tumboni, zinaachwa zizini na mbolea yake, na zizi likihamwa miche ya migunga inachomoza humo humo kwa wingi.

Sasa shamba lako. Kwanza, kabla ya jembe, tafuta mzee wa hapo umuulize kama kuna ng'ombe waliowahi kufa ghafla kwenye manyatta hayo huku damu ikiwatoka puani na nyuma, wakazikwa hapo. Dalili hizo ni za kimeta, na vijidudu vyake hukaa ardhini miongo kadhaa. Jibu likiwa ndiyo, usichimbe. Acha nyasi na chanja mifugo yako kila mwaka. Jibu likiwa hapana, panda sukuma wiki na mahindi kwenye nusu ya duara. Nusu nyingine nakuomba uiache. Ukiwa na ndama wawili watatu, hiyo ni alalili yako tayari imeshaandaliwa na watu wa kale.

Kwani wafugaji wote wakiondolewa kwenye maeneo ya wanyama, asili haitajiponya yenyewe? Karatu.

Kreta ya Ngorongoro iko karibu nawe, itazame. Maboma yaliondolewa ndani ya kreta mwaka 1974, na uchomaji wa nyasi wa wafugaji ukakoma. Nyasi ndefu ngumu zikaongezeka, na nyasi ndefu ni nyumba ya kupe. Ukame wa 2000 ulipofuatwa na mvua, nyati walikufa kwa mamia, na kupe walikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa. Wahifadhi wenyewe wakarudi kuwasha moto, kwa mpangilio, na kupe wakapungua. Walilazimika kuajiri watu kufanya kazi iliyokuwa inafanywa bure. Sisemi warudishwe wote kesho asubuhi. Watu wa leo ni wengi kuliko wa 1974 na wanataka shule na zahanati, ni haki yao. Nasema tu kwamba nyasi zile hazikuwahi kuwa peke yao.

Ng'ombe wanatoa gesi inayochafua hewa duniani. Mbona hulisemi hilo? Mwanaharakati, Arusha.

Nalisema. Ng'ombe hucheua na hutoa methani, na zebu, yule ng'ombe wetu wa kienyeji mwenye nundu, akiwa mbugani, kwa kila lita ya maziwa, hutoa nyingi kuliko ng'ombe wa kisasa anayelishwa vizuri. Hata yale maboma ya zamani niliyoyasifu hapo juu yanaendelea kutoa gesi kwa miaka. Weka na upande wa pili kwenye mzani: zebu yule hajalishwa soya iliyosafirishwa kwa meli, hajakatiwa msitu, hajawekewa mbolea ya kiwandani, na anapokula hapakufaa mahindi. Mbuga ambayo hajaitunza yeye mara nyingi inaishia jembeni, na udongo ukilimwa hewa ukaa iliyolala humo inaamka.

Mzee wewe mwenyewe unafuga wangapi, na unahama nao? Nauliza tu. Singida.

Una maneno wewe. Nina mbuzi 12 hapa Babati, kwenye ekari mbili, nahama nao kutoka mwembe hadi mparachichi. Kila asubuhi nang'oa vigingi na kuvipiga mahali pengine, na mke wangu akiniona anauliza leo eleenore wamesemaje.

Ila mwaka jana nilipata lifti ya kwenda Simanjiro kwenye harusi, nikaomba tupitie kwenye lile bwawa langu. Tuta bado lipo, limeliwa na mvua upande mmoja. Ndani limejaa udongo hadi juu, tambarare kabisa, na juu ya udongo umeota ukoka mzuri. Maji hayapo, kwa hiyo hakuna aliyebaki kukaa hapo. Vijana wamesimamisha magoli mawili ya miti ya mgunga. Tulikuta mechi inaendelea, ng'ombe wamewekwa pembeni wanachungwa na watoto wawili, na mlinda mlango wa upande wa tutani alikuwa anaomba mpira usiende kwenye mavi.